Shujaa wa Homer si lazima awe mtu mwema

Ukisoma Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer kuhusu vita vya Troy, ukitafuta shujaa mpole na mwenye subira, Achilles, mpiganaji mkuu wa Wagiriki, atakuchosha mapema. Neno la kwanza kabisa la utenzi huo, kwa Kigiriki, ni mēnis, yaani ghadhabu.

Kinachomsukuma Achilles ni vitu viwili: timē, heshima anayopewa na wenzake hadharani, na kleos, sifa itakayoimbwa akishakufa. Timē inahesabika kwa vitu. Ndiyo maana Agamemnon, kiongozi wa jeshi la Wagiriki, anapomnyang'anya Briseis, mwanamke aliyepewa kama tuzo ya vita, Achilles anaona amevuliwa nguo mbele ya jeshi zima, naye anagoma kupigana. Soma kitabu cha 9 polepole. Ili Achilles arudi vitani, Agamemnon anaahidi vyungu 7 vya miguu mitatu visivyowahi kuguswa na moto, talanta 10 za dhahabu, masufuria 20, farasi 12 washindi wa mbio, na Briseis arudishwe. Achilles anakataa! Wengi huona ni kiburi tu, lakini pale anauliza swali zito: mali hupatikana tena, je, roho ikishatoka?

Hector, mwana wa mfalme wa Troy na adui wa Wagiriki, ni tofauti. Anapigana kwa sababu anaona aibu mbele ya watu wa Troy. Katika kitabu cha 6 mwanawe mchanga analia kwa kuogopa kishungi cha kofia yake ya chuma. Anaivua, anaiweka chini, ndipo anambeba.

Na hakikisha unafika kitabu cha 24. Mzee Priam, mfalme wa Troy na baba wa Hector, anabusu mikono ya Achilles iliyowaua wanawe, Hector akiwemo, na Achilles analia pamoja naye.