Saa mbili za kunyonyesha

Tangu nirudi kazini baada ya uzazi, kila siku mchana natoka kwenda kumnyonyesha mwanangu, na simwombi mtu radhi. Si hisani ya bosi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inatupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo (100 ukijifungua mapacha), kisha hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Akina mama wengi ninaozungumza nao hapa Dar hiyo ya saa mbili hawajawahi kuisikia.

Kwangu hili ni suala la utu. Nimelelewa na mama aliyekula wa mwisho na kulala wa mwisho, na sote tukamsifu kwa uvumilivu. Nampenda mno, lakini sitaki binti yangu akue akiamini kwamba mama mwema lazima awe amechoka. Maziwa yakijaa, kifua kinauma hadi hesabu zilizo mbele yako huzioni. Nikishanyonyesha, narudi mezani nikiwa mzima. Mama mkwe wangu, Mungu ambariki, ndiye anayemleta mtoto karibu na ofisi, maana foleni ya Mbagala ingemeza muda wote.

Mnaorudi kazini mwezi huu, andikeni barua mapema, mtaje kifungu, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Anayetaka mfano wa barua yangu aniandikie, nitamtumia.