Siku yangu Malindi: asubuhi nyumba kwa nyumba, jioni chakacha

Saa kumi na mbili asubuhi chai na mahamri, mkoba begani, natoka. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Malindi, wale wa kupita majumbani na mashine ya presha, na jioni twacheza chakacha, ngoma ya wanawake wa Pwani.

Saa mbili niko Maweni. Presha, sukari, chanjo za watoto, hizo zaisha haraka. Zinazonikalisha ni zile nyumba mtu asema yuko sawa tu ila usingizi hauji na chakula hakishuki. Manake mtu mzima huku hakwambii ana depresheni, atakwambia ana mawazo, na hapo ukiwa na haraka ushampoteza.

Saa nne nikaingia kwa mama mmoja, mumewe alifariki, bintiye yuko Saudia, siku nzima yeye na redio. Nikamuuliza yale maswali tisa ya kliniki ya kupima depresheni hadi lile la mwisho, kama huwaza afadhali afe, nalo siliruki hata ulimi uwe mzito vipi. Akanyamaza, kisha akasema, "Wakati mwengine." Nikapiga simu kliniki hapo hapo, wakasema nimlete kesho, na jirani yake akakubali kulala naye leo. Nikamwambia, "Mamangu, jioni uje tucheze."

"Kucheza na umri huu? Watu watasemaje, mwanangu?"

"Watu wenyewe ndio hao watakaokuwa wakicheza."

Saa saba wali na mchuzi wa samaki, ripoti kwenye simu, basi.

Wengi huniuliza kama ngoma yatibu kweli. Mwaka 2024 jarida la BMJ la Uingereza lilitoa uchambuzi wa majaribio 218 ya mazoezi, washiriki zaidi ya 14,000 wenye depresheni, na dansi ilikuwa kati ya mazoezi yaliyopunguza dalili zaidi, ingawa waliojaribiwa kwa dansi walikuwa wachache. Nimefurahi sana kusoma hayo lakini simwambii mtu aache dawa, kamwe.

Saa kumi na nusu tuko uani kwa mwenzetu, wanawake watupu. Ngoma zalia, msondo, vumi, chapuo, mmoja aimba wengine waitikia, na mduara unaenda polepole kwa hivo mwenye goti bovu hachoki, asoweza kusimama atatikisa mabega kitini. Yule mama alikuja kweli! Akakaa ukingoni mwa mkeka, buibui hajavua, nikaona vidole vyake vyapiga pajani sawasawa na chapuo, mwenzake wa jirani hata hakumuuliza, akamfunga kibwebwe cha kanga kiunoni akamvuta mkono, na mama akaingia mduarani akawa aitikia wimbo kwa sauti kubwa kuliko mimi. Hapo hakuna anayekuuliza unaumwa nini, yani unacheza tu, na usipokuja utatafutwa. Kwangu mimi hilo la kutafutwa lina nguvu kuliko ngoma yenyewe.

(Wanaume nao wana Jumamosi yao, mwanzele, ngoma ya Kigiriama. Kuna mzee alikuwa hatoki nje kwa kuitwa mchawi sababu ya mvi zake, dhulma inayoniuma sana, na sasa yeye ndo afika wa kwanza.)

Saa mbili usiku napigia wote ambao sikuwaona, kisha yule mama. Kapokea jirani, wako wanakula. Kesho saa moja na nusu nampitia na tuktuk, nataka tuwe wa mwanzo kwenye foleni.