Vitabu vya mchezo: kagua, kisha rusha dadu

Ukikiona kitabu cha mchezo, yaani hadithi ya vifungu vyenye namba ambayo wewe ndiye shujaa na unachagua kifungu cha kwenda, kwenye meza za vitabu vya mtumba mjini Dar, jalada liache kwanza. Kagua kurasa. Vingi vya miaka ya 1980 vilishikwa kwa gundi tu, nayo ikizeeka hukakamaa na kupasuka mgongoni. Ikichomoka karatasi moja, vifungu kadhaa vimekwenda nayo, na huenda njia ya ushindi imo humo.

Chukua The Warlock of Firetop Mountain ya Steve Jackson na Ian Livingstone, iliyotoka Uingereza mwaka 1982. Ina vifungu 400. Dadu mbili za ludo zinatosha. Anza kwa kupata alama tatu za shujaa wako. Ustadi: rusha moja, ongeza 6. Nguvu: rusha mbili, ongeza 12. Bahati: moja, ongeza 6. Vitani unarusha mbili na kujumlisha ustadi, adui naye vilevile. Mwenye jumla ndogo anapoteza nguvu 2.

Bahati ndiyo inayowaponza wengi. Kila ukiijaribu, yaani ukirusha dadu kuona kama umebahatika, inapungua 1, upate usipate, kwa hiyo usiitumie kwa vita vidogo.

Na funguo unazookota mapangoni! Kila ufunguo una namba. Iandike papo hapo, maana kasha la mwisho linadai tatu sahihi, na bila hizo safari yote imekwenda bure. Ramani ichore kwa penseli kwenye daftari la hesabu la miraba, ukiandika namba ya kifungu kila njia panda. Utamu wenyewe uko hapo, kuona mapango yanajaa karatasi. Ila usichore ndani ya kitabu. Msomaji anayefuata naye anataka kupotea.