Siku Moja Dukani kwa Sonara, Lamu

Saa moja na nusu asubuhi. Duka langu liko kichochoroni, hatua chache kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na asubuhi sifungui mpaka punda wa mchanga wamalize kupita, maana wakipita wao hapapiti mtu. Kazi ya kwanza ni kufagia, tena meza kabla ya sakafu. Vumbi la tupa ni fedha, hivyo linatiwa koponi lingoje kuyeyushwa.

Saa mbili. Nawasha moto. Fedha tupu huyeyuka ikifika nyuzi 962 za Selsiasi, ila ni laini mno kwa pete ya kuvaliwa kila siku. Kwa hiyo huchanganywa na shaba kidogo: katika kila sehemu 1,000, 925 ni fedha. Leo natengeneza zile pete zetu za Lamu zenye kigae cha sahani kongwe ya Kichina. Wageni ndio wanunuzi wakubwa. Wenyeji wakiziona husema, "Hicho si kigae cha sahani ya bibi?"

Saa nne. Mama mmoja ana arusi ya bintiye, kaja na bangili nyeusi tititi.

"Baba, hizi niliuziwa fedha kweli? Tazama!"

"Ni fedha, mama. Huo weusi ni salfa ya hewani imeishika."

Nikatandika foili ya jikoni kwenye bakuli, nikalaza bangili juu yake, nikanyunyiza magadi, nikamimina maji ya moto. Vipovu vikapanda, na harufu ya yai viza ikampeleka mama mpaka mlangoni huku kajiziba pua kwa buibui. Salfa inaiacha fedha na kushikana na aluminiamu ya foili, na fedha inabaki pale pale ilipo. Majivu, ambayo wengine husugulia fedha, hayafanyi hivyo. Majivu yanakwangua, na weusi unapoondoka unaondoka na fedha iliyomo ndani yake. Nimeona nakshi za mababu zikifutika kwa usafi wa namna hiyo, na roho inaniuma.

Saa sita kasorobo. Kijana wa vyuma chakavu.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Umeleta nini?"

Kafungua mfuko: picha kuukuu za eksirei, na vidude vya umeme vilivyotolewa kwenye swichi kubwa za mitambo. Kijana ana macho. Ile sehemu nyeusi ya picha ya eksirei ni chembe za fedha, na ncha zinazogusana ndani ya swichi hutiwa fedha kwa sababu hakuna metali inayopitisha umeme vizuri kuishinda, hata shaba. Lakini sikununua. Picha ukizichoma, mtaa mzima unavuta moshi wa plastiki. Kuitoa fedha yake vizuri kunataka kemikali na mahali pake. Na ncha za swichi kubwa, nyingi zimechanganywa na kadimiamu, ambayo mvuke wake unaharibu mapafu na figo. Moto wangu uko karibu na pua yangu. Nikamwambia avipeleke kwa wanaosafisha metali kiwandani. Akanuna, akaondoka.

Saa saba. Swala, wali, samaki wa kupaka, usingizi. Jua la saa hii halina kazi.

Saa tisa. Mzee kaleta riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya zamani, ile iliyoandikwa 1780. Mwaka huo usimdanganye mtu: zimeendelea kupigwa na tarehe hiyo hiyo kwa miaka mingi baadaye. Nikaomba kipande cha barafu kwa muuza juisi, nikakiweka juu ya riale. Kikaanza kuyeyuka pale pale, kwa kuwa fedha inapitisha joto upesi kuliko metali yoyote. Mzee akacheka kama mtoto. Lakini shaba nayo inayeyusha barafu vizuri, ndiyo maana mizani ndiyo hakimu: gramu 28, na iliyochakaa hupungua kidogo. Yake imetimia. Haiuzi, alitaka kujua tu.

Saa kumi. Cheche imeniruka kidoleni. Baada ya maji baridi, natoa tyubu ya krimu nyeupe niliyopewa hospitali kwa majeraha ya moto, salfadiazini ya fedha. Fedha iliyomo inaua vijidudu. Kwa hiyo fedha imeniunguza, na fedha inanitibu.

Saa kumi na moja. Natazama bei ya wakia simuni. Imepanda tena. Bei ya fedha inasemwa London, na mimi nashindania metali moja na viwanda vya paneli za sola: ile mistari myembamba ya kijivu usoni mwa paneli ni fedha, na viwanda hivyo vinameza maelfu ya tani kwa mwaka. Siwalaumu. Taa iliyo juu ya meza yangu inawaka kwa paneli hiyo hiyo iliyoko darini.

Mama wa arusi karudi kuchukua bangili zake, zinang'aa, na sasa anataka na kile kikuku cha binti alichoniulizia bei juzi. Nikamtajia bei.

"Juzi hukusema hivyo, baba!"

"Juzi soko nalo halikusema hivi, mama."

Tukavutana mpaka adhana ya magharibi. Mwisho akavua pete nene isiyomwingia tena kidoleni, akaiweka kwenye mizani: iyeyushwe iingie kwenye kikuku, aongeze kilichobaki Ijumaa.