Jme, tisheti na wasanii wetu wa Kisumu

Msanii wa nje ninayemfuata kwa karibu ni Jme. Wateja wengi wa kibanda changu cha kuchapa tisheti hapa Kibuye hawamjui. Nikisema ni mdogo wake Skepta, rapa wa London, ndipo wachache hukumbuka.

Jina lake ni Jamie Adenuga, mtoto wa Tottenham, kaskazini mwa London, wazazi wake wakiwa Wanaijeria. Anafanya grime: mapigo kama 140 kwa dakika, besi nzito, na maneno yanamtoka kama makanga wa Kondele anayeita abiria wa mwisho. Muziki huo ulikulia kwenye redio zisizo na leseni, mitambo ikifichwa juu ya magorofa.

Mwaka 2005 yeye na kakake walianzisha lebo yao ya muziki, Boy Better Know. Mbali na CD, waliuza tisheti zenye jina la lebo, na hapo ndipo waliponinasa, maana mimi ni mtu wa wino. Skrini, ile fremu ya wavu yenye mchoro, ukishaichoma, gharama kubwa imekwisha. Tisheti ya kwanza na ya hamsini zinapita chini ya skwiji ileile, kile kibao cha kusukumia wino. Unachoongeza ni kitambaa, wino kidogo na jasho. Maandishi meupe juu ya tisheti nyeusi, rangi moja tu: hiyo ndiyo kazi yenye faida. Wasanii wetu hutaka uso wao, cheni, moshi na gari nyuma, rangi sita, kisha wanalilia bei. Nina tisheti za uzinduzi wa albamu ya mtu fulani zimelala hapa tangu mwaka juzi. Nani atavaa uso wa mtu asiyemjua? Fundi baiskeli jirani anazifutia grisi.

Albamu ya Jme ya 2015, Integrity>, ilifika nambari 12 Uingereza bila kampuni kubwa ya muziki nyuma yake. Mwaka uliofuata Konnichiwa ya Skepta, kupitia lebo ileile yao, ikashinda Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka huko Uingereza. Sifa nyingi zilikwenda kwa kaka mtu, sawa. Mimi bado naona Jme ndiye wa kusomewa biashara. Mwaka 2019 alipotoa Grime MC, aliitoa kwa CD na sahani za santuri, akaacha mitandao ya kusikilizia. Wengine waliona ni wazimu. Kwangu, aliyekwisha kununua tisheti ya mtu hashindwi kununua na CD yake.

Hapa lakini CD utaichezea wapi? Matatu zinapiga flashi, na flashi moja inanakiliwa hadi Busia bila mwenye wimbo kuona hata shilingi kumi. Watu wa ohangla, ngoma yetu ya Kiluo, wana njia yao: pakruok. Unasifiwa mbele ya umati, unatoa noti, wimbo unaendelea. Rapa wa mtaa wa Manyatta hapa Kisumu hana hiyo, na shoo zake mara nyingi analipwa soda.

Ndiyo maana kijana mmoja wa huko alipokuja majuzi nilimkalisha chini.

"Anti, nichapie ishirini kwa deni. Shoo ni Jumamosi."

"Anza na kumi, baba. Jina tu, rangi moja. Na ulete nusu."

"Na picha yangu?"

"Picha yako wataiona jukwaani."

Alinung'unika, akatoka, jioni akatuma nusu kwa M-Pesa. Jumatatu akarudi na salio, na oda nyingine, safari hii akitaka saizi za wasichana, kitu ambacho hata mimi sikukiwaza. Saba ziliuzika. Tatu aliwagawia marafiki bure, eti wamsaidie kujulikana, na kuhusu hizo tatu tunagombana mpaka leo.