Timu ya chuo chetu inatuumiza

Jamani, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani inauma. Kila Jumamosi tunavaa jezi, tunashangilia mpaka sauti zinakauka, halafu robo ya nne inafika kocha anaamuru mpira upigwe mbali, yaani tuwaachie wapinzani, wakati imebaki yadi moja tu tuendelee kushambulia, moja! na watu wanaanza kutoka uwanjani huku bendi bado inapiga. Mi siondoki. Wanaosema tuhamie timu nyingine hawajui kitu, chuo chako ni chako bana. Northwestern, timu ya chuo kikuu cha karibu na Chicago, walifungwa mechi 34 mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, na siku waliposhinda wanafunzi waling'oa nguzo za goli wakaenda kuzitupa Ziwa Michigan, yaani hao nawaelewa kabisa. Ila kocha wetu aondoke, tena msimu huu huu, tumechoka kuambiwa tusubiri.