Weupe wa maziwa kwenye picha za slaidi

Masika yaliyopita, mvua ilipokuwa ikinyesha Tanga karibu kila siku, picha za skana ya slaidi katika maabara yetu, mashine inayopiga picha kwa darubini tishu (nyama ya mwili wa mgonjwa) iliyokatwa nyembamba na kubandikwa kwenye vioo viitwavyo slaidi, zilianza kuwa na weupe kama wa maziwa. Viini vya seli, ambavyo kwa kawaida huonekana na kingo zake, vilififia. Wenzangu waliamini kuwa kamera imechoka, na barua ya kumwita fundi kutoka Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kuandikwa. Niliwaomba tuisimamishe kwa siku mbili, kwani nimeona mara nyingi skana ikibebeshwa lawama zisizo zake.

Kabla ya kugusa mashine, huisoma slaidi moja mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeigeuza nyuzi 180. Doa likigeuka pamoja na tishu, limo kwenye slaidi. Likibaki palepale, limo kwenye lenzi au kamera. Skana yetu hupiga vipande vingi vidogo na kuviunganisha, kwa hiyo punje moja ya vumbi kwenye kamera hujirudia katika kila kipande, mithili ya ua lile lile kwenye vigae vya sakafu. Kingo za vipande zikiwa na giza kuliko katikati, marekebisho ya mwanga hufanywa upya kwenye sehemu safi isiyo na tishu.

Fokasi, yaani kuilenga lenzi hadi picha iwe kali, ina mitego yake. Lenzi yetu ya 20x (ya kukuza mara 20) huona kwa ukali kina cha takribani mikroni 1 tu (sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali mkato wa tishu una unene wa mikroni 3 hadi 5. Vumbi lililotua juu ya kioo chembamba cha kufunikia tishu liko mikroni 170 hivi juu ya tishu, na mashine ikilichagua kuwa alama ya fokasi, eneo zima litakuwa na ukungu. Slaidi ifutwe, kisha alama nyingine zichaguliwe kwa mkono.

Weupe wetu, hata hivyo, ulihama pamoja na slaidi, tena haukuwamo katika slaidi zilizotengenezwa kabla ya mvua. Nilipozitazama zile mbovu kwa ubavu, niliona mistari miwili ya kioo mahali palipostahili kuwa na mmoja. Unyevu ulikuwa umevigandisha vioo vya kufunikia ndani ya boksi lililoachwa wazi, navyo vikabandikwa viwili viwili kana kwamba ni kimoja. Lenzi ile imeundwa kwa kioo cha milimita 0.17, unene ukifika 0.34, miale inayopita pembeni mwa lenzi haikutani mahali pamoja na ile ya katikati, wala hakuna fokasi itakayoiponya. Kuongeza ukali kwa programu nakupinga kabisa, kwa sababu daktari anayesoma picha hiyo anaweza kuona kingo ambazo seli za mgonjwa hazina.

Tuliziloweka slaidi hizo kwenye zailini, kimiminika kinachoyeyusha gundi ya vioo, hadi vioo vikaachia, tukazifunika upya kwa kioo kimoja kimoja, na viini vikarudi na kingo zake. Boksi la vioo sasa hukaa kwenye chombo kinachofungwa vizuri, chenye silika jeli ya kufyonza unyevu. Slaidi nne bado zimelowekwa, kwa kuwa gundi yake imekauka mno, nami sithubutu kuzilazimisha tishu zisije zikachanika.